Mayai Tisa ya Masœur

Kabla ya kufungua macho, Delphine husikiliza kwanza. Jogoo akiwika, anajua kuku wake wamelala salama, hakuna nyoka, hakuna mwizi. Asipowika, moyo unamlipuka. Kisha huja zamu ya mgongo kutoa habari zake: leo kiuno, kesho bega, keshokutwa vyote viwili kwa pamoja. Anakaa ukingoni mwa mkeka kwa muda wa kusema Baba Yetu mara moja, anasimama, na tangu hapo hakuna kukaa tena mpaka jua lizame ziwani. Mwulize mtu yeyote hapa Kafutuma kama amewahi kumwona mama huyu ameketi mchana. Atakuna kichwa, atafikiri, halafu atakwambia labda kanisani.

Kuku kumi na wanne uwani si mali ya kumtia mtu kiburi. Lakini wale wanaosema kuku hujilea wenyewe, natamani wangeachiwa hao kumi na wanne kwa juma moja tu. Alfajiri ufungue banda na uwaangalie wakitoka mmoja mmoja. Ukwangue kinyesi ukipeleke kwenye mihogo. Unyunyize jivu la jana viotani, maana chawa wa kuku hawana haya, wakimaliza kuku wanahamia kwa mwenye kuku. Ubebe maji kutoka kwenye pampu, umfukuze mwewe kwa kugonga sufuria, ugombane na jirani ambaye mboga zake zimedonolewa. Na jioni, miguu ikiwa imekufa ganzi, umtafute yule jike mmoja mwenye kichwa kigumu ambaye kila siku ya Mungu anaamua kwamba nyumba yake ni juu ya mpapai.

Na chakula. Mahindi ni ya watu, si ya kuku. Kwa hiyo kila asubuhi Delphine hushuka ufukweni na ufagio na gunia. Pale wanawake wa Kibemba huanika chisense, vile visamaki vyembamba vya Ziwa Mweru visivyozidi kidole, juu ya mchanga mtupu, bila chumvi hata chembe, jua tu. Jioni wakishazoa chisense yao, mchangani hubaki vichwa na makombo. Delphine huvifagia, huvipepeta, huchanganya na pumba, na kuku wake wanang'aa manyoya hata watu wakauliza anawapaka mafuta gani. Hiyo ndiyo siri yake yote. Kufagia.

Hakuzaliwa mfugaji. Upande wa pili wa ziwa, Kongo, karibu na Pweto, alikuwa mke wa mwalimu, na kuku alimfahamu akiwa ndani ya sahani. Vita vilipowasukuma kuvuka, walifika Zambia na watoto watatu, godoro moja, na Fabien mumewe aliyekuwa anakohoa. Kikohozi kile kilimmaliza Fabien mwaka wa pili. Wakubwa wawili walikwenda kutafuta maisha, mmoja Lubumbashi, mmoja Lusaka, wakayapata au hawakuyapata, barua hazisemi. Akabaki yeye na Cadette, kitinda mimba. Mwanamke mmoja wa kanisani alimpa jike moja la kuanzia. Kutoka kwa jike hilo zilitoka sare za shule za Cadette, dawa za malaria, mabati mawili ya paa. Miaka minane. Mtu angefikiri baada ya miaka minane kazi ingepungua, lakini kuku hawajui kwamba umechoka.

Katika kundi hilo kulikuwa na jike la kijivu lenye kichwa cheusi, limefunikwa hasa kama mtawa, na Delphine akaliita Masœur, kama watawa wanavyoitwa kwao. Masœur hakuwa mzuri, wala hakuwa mnono. Ila alikuwa anajua kuatamia. Mwanzoni mwa Februari alikuwa amejikalia kwenye kikapu kilichochakaa jikoni, juu ya mayai tisa, macho nusu wazi, hamjibu mtu. Delphine akipita na ndoo kichwani alikuwa akimtupia jicho la wivu, na sitanii, wivu wa kweli.

"Weye uko na bahati," alimwambia siku moja. "Unakaa tu, na bote banasema unatumika kazi."

Masœur akavimbisha manyoya, basi.

Jambo lililokuwa likimkosesha Delphine usingizi mwezi huo lilikuwa moja. Cadette alikuwa amechumbiwa na Chomba, kijana wa hapo jirani, Nchelenge, fundi wa injini za mitumbwi, mpole, mwenye mikono isiyotakata. Na Wabemba wana desturi yao, chilanga mulilo, kuonyesha moto. Kabla ya ndoa, wanawake wa upande wa binti hupika vyakula vya kwao vya kila aina, wanavibeba mpaka kwa mkwe, wanaingia kwa magoti wakiimba, na kufunua chungu kimoja kimoja. Kabla ya siku hiyo mkwe hali kwa wakwe zake. Na kati ya vyungu vyote, kimoja ndicho mfalme: kuku wa kienyeji mzima, asiyepungukiwa hata kipande, kichwa, miguu, firigisi, vyote vipo. Ukoo mzima wa mwanamume hukaa kutazama. Kuku ndiye anayewaambia binti huyu ametoka kwa watu gani.

Basi fikiria mwenyewe. Delphine hakuwa na dada ng'ambo hii ya ziwa, hakuwa na wifi, hakuwa na shangazi wa kumbebea chungu. Alikuwa na kuku. Alijua yanayosemwa ukimpa mtu mgongo: kwamba watu wa kambi, yaani wakimbizi kama yeye, hawana mbele wala nyuma, kwamba ukioa kwao umeoa mvua, haijulikani imetoka wapi. Hakutaka Cadette aingie nyumba ya watu akiwa mtoto wa hakuna. Ndiyo maana tangu Krismasi alikuwa amewatenga majogoo watatu na kuwalisha kwa mkono wake, akiwapapasa vifua kila jioni kuona wamenenepa kiasi gani. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Februari.

Tatizo la Februari ni kwamba ziwa limefungwa. Kuanzia Desemba serikali hukataza kuvua ili samaki wazae, na ufukwe unakuwa mweupe, hauna hata kichwa cha chisense cha kufagia. Akiba aliyoifagia kabla ya hapo ilikuwa imekwisha, na pumba tupu haimnenepeshi kuku. Jumatatu ya juma lile la mwisho Delphine alizunguka soko zima na gunia lake bila kitu, miguu ikimwuma, mpaka akafika kwenye kibanda cha Blanchard, Mkongomani aliyeuza makayabo, samaki wakubwa waliopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi. Alikuwa anakung'uta magunia.

"Mama Cadette, unatafuta nini na ile gunia?"

"Chakula ya kuku, Papa Blanchard. Chisense ayiko."

"Si bamefunga ziwa. Bon, angalia hii mavumbi ya makayabo, inanijazia kibanda bure. Beba yote, pelekea kuku. Samaki ni samaki."

"Aksanti sana. Mungu akubariki, papa."

Delphine akambariki kweli, kwa moyo wote, na akaenda nyumbani amejitwisha gunia zima. Usicheke. Miaka minane alikuwa amewalisha kuku vumbi la samaki na hakuna aliyekufa. Pweto hakufuga, na pale ufukweni hakuna anayetia chisense chumvi, kwa hiyo nani angemwonya? Jumanne asubuhi alichanganya vumbi lile na pumba, akawajazia sinia mpaka juu. Kuku walikula kana kwamba ni Pasaka. Pampu ilikuwa imeharibika tangu Jumapili, kwa hiyo maji aliwawekea kikopo kimoja tu. Masœur alikuwa ameshuka mapema, akadonoa punje chache za mahindi alizotupiwa pale jikoni, akarudi kwenye kikapu kabla sinia halijatoka nje.

Jioni kuku walikuwa wamekunywa kikopo, wamekunywa maji ya kuoshea vyombo, wamekunywa tope la njiani. Jumatano alfajiri jogoo hakuwika.

Delphine alisikiliza. Alisikiliza tena. Akatoka bila viatu. Watano walikuwa wamelala chali bandani, na wengine waliyumba kama walevi wa lutuku, shingo zimelegea, kinyesi maji matupu. Mmoja wa majogoo wale watatu alimjia, akaanguka kwenye mguu wake, akafa hapo hapo. Kufikia saa sita mchana walikuwa wamekwisha wote kumi na watatu. Delphine hakulia. Alisimama na ufagio mkononi na kuhisi kitu kimoja tu, uchovu, uchovu mkubwa kiasi kwamba kulia kungekuwa kazi nyingine.

Jirani yake, Mama Princesse, alichungulia juu ya uzio mapema asubuhi ile, wakati wanne bado walikuwa wamesimama.

"Yesu wangu! Ugonjwa ya kuku! Delphine, nyamaza. Chinja zenye zingali na uzima, tuziuzishe ku barabara mbio. Nani atajua?"

"Mungu atajua. Na jogoo yako atajua kesho."

"We mama, uko na roho ya padri."

Lakini Delphine alikuwa na desturi ambayo hakuivuka, nayo ilikuwa hii: ugonjwa ukiingia kwako, unasema. Alikwenda mlango kwa mlango, akasimama kila uwani, akatangaza mwenyewe kwamba kuku wake wamekufa na kila mtu awachunge wake. Watu walimshukuru kwa uso mkavu. Kisha wakafanya kile ambacho kila mtu hufanya akisikia ugonjwa uko jirani. Waliuza. Alhamisi asubuhi lori la mchuuzi lilisimama njia panda na matenga yake, na kufikia mchana Kafutuma nzima haikuwa na kuku wa kuwika. Waliokosa nafasi kwenye lori walichinjwa wakaliwa. Kijiji kilinukia mchuzi siku mbili.

Boyd alirudi Ijumaa. Huyu Boyd ni kijana wa Kizambia aliyefundishwa kazi ya chanjo. Hupita na kisanduku chenye barafu, anamtia kila kuku tone moja jichoni. Juma lote alikuwa Kilwa, si ile ya pwani bali kisiwa cha humo ziwani, ziwa limechafuka, mitumbwi imekataa kurudi. Alipopata habari alikuja moja kwa moja, hata buti hajabadilisha. Delphine alikuwa amewazika kuku, ila wawili wa mwisho walikuwa bado chini ya beseni, maana nguvu za kuchimba zilikwisha. Boyd alimpasua mmoja, akatazama, akanusa, akakunja uso. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kinafika.

"Mama, hii si ugonjwa. Hawa mimi mwenyewe niliwatia dawa ya macho mwezi ya kumi na moja. Uliwapa nini kula?"

"Pumba. Na samaki."

"Samaki gani? Ziwa imefungwa."

Delphine akamletea gunia. Boyd alichovya kidole ndani, akakiweka ulimini, na papo hapo akatema.

"Chumvi, mama. Hii yote ni chumvi. Kuku hawezi chumvi. Ikiingia nyingi na maji ni kidogo, inamuua siku moja, mbili."

Delphine alimtazama mdomo. Akatazama gunia. Basi ni yeye. Si ugonjwa, si mchawi, si mkono wa mtu. Ni yeye aliyewajazia sinia mpaka juu na kubariki juu yake, na ni yeye aliyekwenda mlango kwa mlango kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa unyofu wake. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kabla ya saa kumi habari ilikuwa imezunguka, na watu walipita mbele ya uwa wake wakikohoa kwa namna fulani. Mmoja aliuliza kwa sauti kama leo mchuzi una chumvi ya kutosha.

Cadette alifika jioni kutoka Kashikishi, ambako alikuwa akishona kwa fundi. Alikuta mama yake amesimama katikati ya uwa.

"Mama, tubaambie basukume siku mbele. Bataelewa."

"Bataelewa nini? Kama miye mukwe wao nilitiliaka kuku yangu sumu na mukono yangu? Bamekwisha kuita bantu mpaka ku Mofwe, Cadette. Bale bazee bako ku njia."

"Tununue basi."

"Ku nani? Nilibauzisha bote. Na ya ku soko, feza iko wapi?"

Kutoka jikoni ilisikika sauti ndogo ya kukwaruza. Masœur alikuwa anageuza mayai yake kwa mdomo, moja moja, kama afanyavyo kila jioni. Mama na binti walitazamana, na Cadette akaelewa kwanza.

"Hapana, mama. Iko ku mayai. Kesho kutwa tu banatoka."

Hakuna mtu, si Pweto si hapa, anayechinja kuku aliyeatamia. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni jambo tu ambalo mkono unalikataa. Delphine alipiga magoti mbele ya kikapu. Masœur akamtazama kwa jicho moja bila kuinuka. Siku kumi na tisa hakushuka zaidi ya kudonoa punje na kunywa maji, amekonda, kifua kimebaki kijiti. Delphine aliona jinsi alivyochoka, akajiona mwenyewe.

"Nisamehe," akamwambia. "Sina mwingine."

Alimwacha usiku ule mayai yake. Jumamosi kulipopambazuka alimchinja kwa mkono wake, akikataa msaada wa Cadette, na machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka kwa wale kumi na watatu yakatoka kwa huyu mmoja. Kisha akafanya haraka. Mayai yalikuwa bado moto. Aliyafunga moja moja ndani ya sweta kuukuu ya Fabien, akaiweka sweta juu ya tumbo lake, kwenye ngozi, na kujifunga vitenge viwili juu yake, kwa kukaza lakini si sana. Hakuwa na kuku mwingine wa kuyapokea na hangeweza kuyaacha yapoe. Masœur alikuwa ameshafanya kazi yote. Ilibaki siku moja. Siku moja mtu anaweza.

Alipika hivyo, tumbo mbele, akijiinamia kwa ubavu. Mama Princesse, aliyekuja kusaidia kubeba, alimwangalia juu na chini.

"Delphine! Mu umri huu? Nani baba?"

"Beba sombe, mama, funga kinywa."

Walikuwa watatu tu, Delphine, Mama Princesse na mwanamke mwingine mmoja wa kwaya, ambapo ukoo wa kweli ungeleta wanawake ishirini. Vyungu vilikuwa vya sombe, yaani kisamvu, maharage, bukari, ndio ugali wa kwao, viazi, uyoga, na kile kidogo cha kuku chenye kifuniko cha bakuli jeupe. Jua lilikuwa kali. Njiani Delphine alitembea mkono mmoja kichwani na mwingine tumboni, na karibu na nyumba ya wakwe alihisi kitu. Kitu kilimgonga kwa ndani ya sweta, kidogo sana, kama ukucha juu ya mlango. Alisimama. Akaendelea kutembea.

Uwa wa wakwe ulijaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, wote wamevaa, na mbele yao Bana Chomba, mama wa kijana, mwanamke mpana mwenye macho ambayo hayapitwi na kitu. Naye mfugaji tangu utoto wake. Wageni wakapiga magoti mlangoni na kuanza kuingia wakiimba. Wanawake watatu wakiimba mahali pa ishirini, sauti zilikuwa chache hata zikaonewa huruma. Delphine alikwenda kwa magoti taratibu mno, mgongo umenyooka, hainami, na manung'uniko yalianza: mbona huyu haonyeshi heshima?

Walifunua vyungu. Sombe ilisifiwa. Uyoga ulisifiwa. Kilipofika kile cha mwisho, Delphine akakifunua mwenyewe, na Bana Chomba akasogea kutazama.

Kuku alikuwa mzima. Kichwa kilikuwepo, miguu ilikuwepo, firigisi ilikuwepo. Lakini alikuwa mdogo, jamani. Alikuwa amelala kwenye mchuzi kama mtoto kwenye kitanda cha mtu mzima, mfupa wa kifua umesimama juu, nyama imekwisha pande zote mbili. Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Bana Chomba hakucheka. Alikaza macho, akachukua kijiko na kumgeuza kuku polepole, na uso wake ukabadilika. Mfugaji humjua kuku aliyekonda kwa njaa na humjua kuku aliyekonda kwa kazi.

Akasema kwa Kibemba, kwa sauti ya chini ambayo Delphine peke yake angeisikia, "Mama, huyu alikuwa ameatamia."

"Ndiyo, mukwai," akajibu Delphine kwa heshima, kwa Kibemba chake kibovu. Hakuwa na nguvu ya kudanganya. "Wengine niliwaua mimi. Kwa chumvi. Sikujua. Alibaki huyu tu, na sikutaka mwanangu aje mikono mitupu."

"Na mayai?"

Delphine alitazama chini, kwenye vitenge vyake. Na hapo, ndani ya ukimya ule wa watu wanaojaribu kusikia wakwe wanaongea nini, kukatoka sauti. Ndogo, kali, yenye hasira. *Pi. Pi. Pi.*

Uwa mzima uliisikia. Mzee mmoja alitazama chini ya kiti chake. Mama Princesse alijifunika mdomo. Delphine alibaki kwenye magoti, jasho likimtiririka usoni, mikono miwili imekumbatia tumbo, akingojea kicheko kije, maana kingekuja tu, na angekichukua nacho, kama alivyochukua vingine.

Bana Chomba alisimama wima. Akageukia watu wake.

"Leteni kiti," akasema. "Kile changu cha mgongo. Kiwekeni pale karibu na moto."

Msichana mmoja akanong'ona kwamba wageni wa chilanga mulilo hawaketi, hukaa magotini mpaka chakula kipokelewe.

"Najua. Nimeonyesha moto kwa wanangu wanne. Huyu ameatamia. Mwenye kuatamia hapigi magoti." Akamshika Delphine chini ya kwapa na kumwinua kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kwa namna ya mtu anayejua kubeba mayai. "Na kuku huyu," akaongeza akiwatazama wale waliocheka, "tutamla mpaka mfupa. Sitaki kuona kitu kimebaki."

Delphine akakaa. Kiti kilikuwa na mgongo. Moto ulimpiga ubavuni kwa upole, na mtu alimwekea mto, na mwingine akamletea maji ya kunywa akiwa amempigia goti. Alijaribu kuinuka kusaidia kugawa bukari. Bana Chomba akamwonyesha kidole, akarudi chini. Kwa mbali alimwona Chomba akipokea firigisi kwa mikono miwili, mikono ile isiyotakata, akiila bila haraka na bila kutabasamu, kama anavyokula mtu aliyeambiwa kilichomo sahanini. Ndani ya sweta kitu kilipasua ganda, kikajinyoosha, kikawa na unyevu na joto juu ya ngozi yake. Kimoja. Kisha kingine. Alijua hawa hawatakuwa na mama wa kuwafundisha kuchakura, kwamba kuanzia kesho ni yeye, saa kumi na moja alfajiri, na jivu, na ndoo, na mwewe, kuanza upya tangu mwanzo, umri huu. Alilijua hilo vizuri. Alifikiri atalia.

Lakini mgongo ulikuwa umepata mahali pa kuegemea, na macho yakaanza kujifumba yenyewe. Cadette alipokuja kwa desturi kuonyeshwa kwa wakwe alimkuta mama yake amelala katikati ya wimbo, katikati ya mchana, kinywa wazi, mikono miwili juu ya tumbo. Akainama amwamshe.

"Mwache," akasema Bana Chomba, na kuwaashiria waimbaji wapunguze sauti.